Kayaki ya Kunitosha

Lubumbashi, tarehe 15 Januari 2024

Kwa fundi Sylvain Kalumba, Moba

Fundi, salamu nyingi.

Hunijui. Mimi ni Abigaël Mbuyi, mama wa miaka arobaini na tisa, muuza vitenge hapa Lubumbashi. Wazazi wangu walitoka Kasai, lakini mimi nilizaliwa hapa, na maji niliyokua nayo ni ya bomba. Jina lako nimepewa na mteja wangu, Sista Angélique. Anasema unaunda mitumbwi kwenye ziwa Tanganyika tangu miaka ishirini na hakuna aliyerudi pwani kwa kuogelea. Anasema pia kwamba simu huko haishiki mpaka mtu apande kilima, ndiyo maana naandika. Kesho anapanda ndege pale Luano na barua hii ndani ya mkoba wake.

Nataka unitengenezee kayaki.

Nikueleze sababu. Magoti yangu yamechoka. Deborah, anayenifanyisha mazoezi ya viungo, aliniambia nitafute kazi ya mwili ambayo magoti hayabebi kitu: kuogelea, au kupiga kafi. Kuogelea nilijifunza mwaka jana. Si kwa uzuri, lakini naelea na ninafika. Basi juzi Jumamosi nilikwenda Karavia, kwenye klabu moja ya kayaki pale ziwani. Vijana wa Golf, mtaa wa matajiri, walikuwa wanashuka kwenye magari yao, kila mmoja anabeba kayaki begani kama mkate. Nikamwambia katibu wao, bwana Israël, kwamba nataka kujaribu. Aliniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, halafu akarudi tena juu. Akasema mbele ya watu wote: « Mama, hizi kayaki zinabebaka kilo mia tu. Mutu sawa weye tutamutia wapi? »

Watu walicheka. Mmoja alicheka mpaka akakaa chini.

Niliondoka kwa miguu, na magoti haya haya, kwa sababu sikutaka kusimama pale kungoja taksi.

Mwezi wa tisa wanafanya mashindano ya kuzunguka ziwa mara tatu. Mwenye kayaki yake mwenyewe anaruhusiwa, hata asiye mwanachama. Nataka kuwemo. Nataka kayaki ya kufunikwa, nyembamba, ndefu, nyekundu, kama zile za wale vijana. Niko na kilo tisini na tano.

Abigaël Mbuyi


Moba, 4 Februari 2024

Mama Abigaël mpendwa,

Barua yako imefika salama, ikiwa na harufu ya sabuni ya masista. Pole kwa yale ya Karavia. Mtu aliyecheka mpaka akakaa chini, naomba Mungu amkalishe mahali penye miba.

Sasa tuongee kazi. Kayaki ni kiti utakachokikalia saa nzima, kwa hiyo kabla ya kuangalia rangi, angalia makalio yako, mapaja yako na magoti yako. Samahani kwa kusema hivyo kwa mama wa watu. Ziko aina mbili. Ya kufunikwa, unaingiza miguu ndani ya tundu kama mtu anayevaa suruali. Ya wazi, unakaa juu yake kama kwenye benchi pana, na maji yakiingia yanatoka yenyewe kwa vitundu vya chini. Mtu mwenye mwili mkubwa, mimi ningempa ya wazi. Kuingia ni rahisi, kutoka ni rahisi, na magoti hayabanwi. Ikipinduka haikushiki.

Tena kuna jambo la uzito. Kayaki haijengwi kwa kilo za mtu peke yake. Ninaongeza theluthi moja, ili ielee juu na isiburute tumbo kwenye maji. Kwa kilo tisini na tano, nitajenga ya kubeba mia na ishirini na tano na zaidi kidogo. Kayaki kama hizi nimejenga nyingi, usiwe na shaka.

Nijibu mambo mawili: ya wazi au ya kufunikwa? Na upana wa nyonga zako. Upimwe ukiwa umekaa, siyo umesimama, maana mwili ukikaa unapanuka.

Fundi wako,
Sylvain


Lubumbashi, 17 Februari 2024

Fundi,

Ya kufunikwa. Nyekundu. Nyonga, sentimeta arobaini na mbili.

Sitaki kukaa juu ya kitu kama gunia juu ya lori.

Abigaël


Lubumbashi, 22 Aprili 2024

Fundi Sylvain,

Kayaki yako ilifika Jumatano juu ya lori la samaki, inanuka ndagala. Ni nzuri. Naliandika hilo kwanza ili usiseme sina shukrani.

Jumamosi niliipeleka Karavia. Kuingia tu, mama wawili walinishika mikono. Nyonga ziligoma kwenye tundu, nikasukuma, zikaingia kama kizibo kwenye chupa. Maji yalikuwa yanalamba ukingo wa kayaki kabla sijagusa kafi. Nilipiga mara moja, mbili, mara ya tatu ikalala ubavu na kupinduka. Fundi, nilikuwa kichwa chini na miguu yangu imefungwa! Maji yalifika kifuani tu kwa mtu aliyesimama, lakini mimi sikuwa nimesimama. Ni yule yule bwana Israël aliyeruka majini na viatu vyake, akanichomoa.

Kulikuwa na mtu mwenye simu. Jioni, majirani zangu wote wa soko walikuwa wameiona video. Mmoja aliniuliza kama nimeumia, halafu akageuka pembeni, mabega yakimtikisika.

Uliniambia itabeba mia na ishirini na tano. Mbona imekunywa maji kama ng'ombe? Pengine jina lako ni kubwa huko Moba. Huku limezama pamoja nami.

Abigaël Mbuyi


Moba, 10 Mei 2024

Mama Abigaël,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, halafu nikakaa, nikaisoma tena. Namshukuru Mungu uko mzima. Hilo ndilo la kwanza.

Nilikuwa nimejenga kayaki mbili za umbo moja, yako na pacha wake, ili nijaribu. Baada ya barua yako nilimtia pacha kwenye maji tukampakia magunia ya mchanga. Kwa kilo mia anaelea vizuri, ukingo uko vidole vinne juu ya maji. Kwa mia na ishirini na tano, vidole viwili. Kwa mia na arobaini anakunywa, kama ulivyoandika. Labda mizani yetu ya huku ni mbovu. Labda mbao zilinyonya maji njiani.

Labda pia kosa ni langu, na hapa nina neno la kutubu. Nilikuandikia kwamba nimejenga kayaki nyingi. Si kweli. Nimejenga mitumbwi ya wavuvi mia na zaidi, lakini kayaki, hiyo yako ilikuwa ya kwanza. Umbo nililichukua kutoka kwa moja ya mgeni aliyepita hapa zamani. Niliipima kwa kamba alipokuwa anakula. Niliogopa kwamba nikisema ukweli utatafuta fundi mwingine. Tangu siku ile lori lilipoondoka sijalala vizuri.

Irudishe. Nitaijenga upya, na hutanipa kitu.

Sylvain Kalumba


Lubumbashi, 12 Mei 2024

Fundi Sylvain,

Sijapata jibu lako. Labda umekasirika, na una haki. Naomba usome hii mpaka mwisho.

Mume wangu, Ruben, ni mwalimu wa hesabu na mtu wa maneno machache. Wiki mbili nzima alinisikiliza nikikutukana asubuhi na jioni. Jumapili iliyopita baada ya chakula akachukua chungwa, akaanza kulimenya, akaniuliza bila kuniangalia: « Uliambiaka fundi uko na kilo ngapi? »

« Tisini na tano. »

Alimenya chungwa lile mpaka mwisho, ganda moja refu. Halafu akasema: « Abi, ile njo ilikuwa kilo yako siku ya ndoa. »

Nilitaka kukasirika, hasira haikuja. Siku iliyofuata nilikwenda kliniki. Mizani yao inaishia mia na ishirini. Mshale wake ulikwenda mpaka mwisho, ukagonga, ukakaa hapo. Muuguzi akaniangalia kwa huruma, na huruma hiyo iliniuma kuliko kile kicheko cha Karavia. Nikatoka, nikaenda moja kwa moja kwa Cathy, rafiki yangu mwenye depo ya unga. Pale kuna mizani ya kupimia magunia. Kulikuwa na foleni ya mama kumi na zaidi na mabeseni yao. Nikavua viatu, nikapanda.

Cathy amezoea kusoma magunia kwa sauti, ili mnunuzi asikie. Akasoma: « Mia moja makumi tatu na munane! »

Nilisimama pale juu, fundi, bila viatu, na unga kwenye nyayo. Nikasema: « Ndiyo. Ni miye. » Basi mama mmoja akaweka beseni lake chini, akasema: « Na miye munipime. » Akapanda. Mia na kumi na mbili. Akaja wa nyuma yake. Mia na tatu. Walipanda sita, Cathy akisoma na wote wakipiga makofi kwa kila mmoja kama kwenye harusi, na Cathy mwenyewe akapanda mwisho. Tulicheka mpaka machozi. Sikujua kwamba kicheko kiko cha aina mbili.

Kwa hiyo nilikudanganya kilo arobaini na tatu. Na nyonga zangu si arobaini na mbili. Ruben amenipima nimekaa, mara mbili, kwa sababu ni mwalimu wa hesabu: hamsini na tano. Kayaki yako haikuwa na kosa. Ulimjengea mwanamke ambaye hayuko tena.

Nisamehe neno nililosema juu ya jina lako.

Abigaël


Moba, 2 Juni 2024

Mama yangu Abigaël,

Barua zetu zimepishana njiani. Bila shaka sasa umeshasoma toba yangu kama nami nilivyosoma yako. Mke wangu, Virginie, aliniuliza kwa nini nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Nikampa asome. Akasema: « Mmoja alipunguza, mwingine aliongeza. Mnastahiliana. »

Basi tumekwisha kusema ukweli. Sasa tujenge.

Usimuone Virginie kuwa msomaji tu. Ana kilo mia na kumi na tisa, anakausha samaki kwa moshi kutwa, na tangu barua yako ifike amekalia kila ubao niliouchonga. Tumejaribu viti vitatu. Kile cha chini kilimfanya magoti yafike kifuani, akashindwa kuvuta pumzi vizuri. Kile cha juu sana kiliyumba. Cha tatu kimeinuliwa upana wa kiganja, kina egemeo refu linaloshika mgongo mpaka chini ya mabega, na hicho alikikalia akasahau kushuka, samaki wakaungua.

Kwa kilo zako, na theluthi yake, nitajenga ya kubeba mia mbili. Ya wazi. Upana sentimeta themanini na nane, urefu mita tatu na nusu na kidogo. Haitakwenda kwa kasi ya zile nyembamba, nakuambia mapema, lakini itasimama juu ya maji kama meza. Kiti ni sentimeta sitini, ili nyonga zako zipumue kila upande. Vikanyagio vya miguu vitasogea mbele na nyuma, uvipange mwenyewe mpaka magoti yapinde kidogo tu. Na kwa sababu kayaki ni pana, kafi la kawaida litakugongesha vidole ubavuni. Nitakuchongea refu, mita mbili na nusu.

Safari hii Virginie atakaa ndani pamoja na gunia la mchanga kabla haijapanda lori.

Niambie rangi.

Sylvain


Lubumbashi, 29 Julai 2024

Fundi,

Nilikuambia manjano, umeniletea jua lenyewe.

Niliitia majini asubuhi ya Jumanne, wiki mbili zilizopita, kabla watu hawajafika. Deborah alikuwa amesimama pembeni, tayari kuruka. Nilikaa. Nikangoja maji yaje. Hayakuja. Nikajisogeza kushoto, nikajisogeza kulia, kayaki ikatikisika kidogo na kutulia, kama mtu anayejipanga vizuri kwenye kiti. Nikapiga kafi, nikateleza. Fundi, miaka saba kila hatua yangu imekuwa na maumivu yake. Nilifika katikati ya ziwa ndipo nikakumbuka kwamba nina magoti.

Tangu siku hiyo nakwenda mara nne kwa wiki. Nazunguka mara tatu bila kupumzika.

Lakini kuna jambo. Nilikwenda kuandikisha jina la mashindano, na bwana Israël akaniambia kila mshindani lazima kwanza ajipindue majini mahali pa kina, halafu apande tena kwenye kayaki yake kabla ya dakika tatu kuisha, bila kusaidiwa. Nilifikiri amelitunga kwa ajili yangu. Akanionyesha karatasi. « Iko sheria ya bote, mama, haiko ya weye peke yako. » Na kweli, aliisema kwa adabu.

Nimejaribu mara kumi na moja. Naning'inia ubavuni, navuta, mikono inaishiwa nguvu, narudi majini. Mara ya mwisho nilikaa nimeshika kayaki, nikalia kidogo, Deborah akajifanya anaangalia ndege. Mtihani ni tarehe saba ya mwezi wa tisa, asubuhi ya mashindano yenyewe, mbele ya watu wote. Video ya kwanza bado iko kwenye simu zao. Sijui kama nataka kuwapa ya pili.

Abigaël


Moba, 12 Agosti 2024

Mama Abigaël,

Naandika haraka, ndege ya masista haingoji.

Unapanda kama mtu anayepanda ukuta, kwa mikono. Acha. Chukua kamba nene, ifunge kwenye mpini wa ubavu wa pili, ipitishe juu ya kiti, iangukie majini upande wako, na mwisho wake ufunge kitanzi kinachofika usawa wa goti. Weka mguu mmoja humo. Lala majini kifudifudi, piga maji kwa mguu mwingine mpaka mwili wote uelee, ndipo usimame kwenye kitanzi na kujitupa kwa tumbo katikati ya kayaki, kichwa upande wa pili. Baki hapo umelala kama samaki. Pumua. Kayaki ya sentimeta themanini na nane haitakuangusha. Halafu geuka, kaa, miguu mwisho.

Virginie amefanya hivyo jana mara tisa mbele ya wavuvi wote, amevaa kitenge chake. Anakutumia salamu na anasema: tumbo ambalo wanalicheka ndilo litakalokupandisha.

Sylvain


Lubumbashi, 9 Septemba 2024

Fundi Sylvain, mama Virginie,

Wa nne! Wa nne kati ya kumi na mmoja.

Ngoja nianze mwanzo, ingawa mwili wote unaniuma kwa utamu.

Jumamosi saa mbili asubuhi ukingo ulikuwa umejaa. Walikuja wa Golf na miavuli yao na viti vyao, na Cathy alikuja na mama watano wa soko, wamevaa kitenge kimoja bila kuniambia. Kumbe walikinunua kwenye meza yangu mwenyewe wiki iliyopita, mimi nikidhani ni cha msiba. Ruben alivaa viatu vya kanisani. Bwana Israël akaita majina ya mtihani. Jina langu lilipotajwa niliona simu zikiinuka, moja, mbili, ishirini.

Nilipiga kafi mpaka mahali pa kina. Nikajipindua.

Maji ya asubuhi ni baridi, fundi. Nilitoka juu nikitema maji, nikageuza kayaki, nikarusha kamba. Kitanzi kilinikimbia mara ya kwanza, na mara ya pili. Nilisikia mtu akisema « dakika moja imeisha ». Nikatulia. Mara ya tatu mguu ukaingia. Nikalala, nikapiga maji, mwili ukaelea, nikasimama kwenye kitanzi na kujitupa. Nikafika katikati. Nilibaki nimelala pale, shavu kwenye manjano, napumua, na ukingoni hakuna aliyecheka. Nikageuka, nikakaa, nikavuta miguu, nikachukua kafi, nikaliinua juu ya kichwa.

Kelele zile ninyi hamkuzisikia huko Moba?

Bwana Israël alisogea mpaka maji yakaingia kwenye viatu vyake, saa mkononi. « Mama, dakika mbili na segonde makumi ine. Uko ndani. » Akaandika jina langu. Kisha akasema polepole, mimi peke yangu nisikie: « Ile siku nilikosa. Munisamehe. » Nikamwambia nitafikiri nikiwa nimemaliza. Nilipomaliza nilimsamehe, lakini nilitaka angoje kidogo.

Mzunguko wa kwanza nilikuwa wa mwisho. Wa pili, wa tisa. Ulisema haitakwenda kwa kasi, na haikwenda. Ila mzunguko wa tatu upepo ulianza kutoka upande wa mashariki, ule wa mwezi wa tisa, wenye vumbi, na ziwa likaanza kuruka. Zile nyembamba zikaanza kulala. Moja ikapinduka mbele yangu, mwenyewe akaanza kupigana nayo. Nikamuuliza kama yuko mzima, akasema ndiyo, nikapita. Ya pili. Ya tatu ilirudi ukingoni, na nyingine ikajificha karibu na matete ingoje upepo upite. Mimi nilikaa juu ya meza yako na kupiga kafi. Bam, bam, bam. Ruben alikuwa anatembea ukingoni tangu mwanzo, sawa nami, viatu vyote matope, akipaza sauti namba: « Wa saba, Abi! Wa tano! » Ruben, ambaye hapazi sauti hata nyumba ikiungua. Nilipomfikia mtu wa nne nilimpita nikimsalimu.

Klabu inataka kayaki tatu za wazi. Bwana Israël atakuandikia mwenyewe. Mwambie ukweli, na umlazimishe aseme ukweli wa kilo. Cathy anataka yake, ya buluu, na amesema nikutumie kilo zake mia na ishirini na saba bila aibu.

Nilipovuka mstari waliniita nitoke. Kulikuwa na picha za kupigwa, na mtu ameshika chupa ya limonade, na Deborah analia. Niliwaambia ngojeni. Upepo ulikuwa umeshuka, ziwa limelala tena, na mimi nilikuwa nimekaa vizuri. Nikageuza kayaki, nikazunguka mara ya nne, peke yangu, polepole, kwa sababu nilitaka tu.

Wenu,
Abigaël Mbuyi